Akina mama wa Lindi walikubali. Walikubali nini hasa?

Kwa kawaida hapa tunachambua utafiti uliotoka juzijuzi. Leo narudi nyuma hadi 2008, kwenye makala tatu zilizozaliwa na mradi mmoja uliofanyika kusini mwa Tanzania, mikoa ya Lindi na Mtwara. Nimezisoma mara tatu sasa, na kila nikizirudia naona zinagusa swali ambalo nchi yetu inahangaika nalo leo: tunapokaa kuamua dawa ipi, kipimo kipi au chanjo ipi ilipiwe na fedha ya umma, mwananchi wa kawaida anaingia wapi? Waandishi hawakukaa chini kujibu swali hilo. Ndiyo maana majibu yao nayaamini kuliko ya wale wanaoandika kurasa nzima kuhusu "ushirikishwaji wa wadau".

Kwanza mradi wenyewe. Wazo lilikuwa rahisi. Mtoto mchanga anapopelekwa kliniki kwa chanjo ya pili ya DPT, halafu ya tatu, halafu ile ya surua, apewe na dawa ya malaria hapohapo hata kama haumwi. Hiyo ni kama umri wa miezi miwili, mitatu na tisa. Dawa ni SP. Kama ulikuwa na akili timamu miaka ile unaikumbuka: mtu mzima anameza vidonge vitatu kwa mpigo, kamaliza dozi. Mwaka 2001 ndiyo iliyochukua nafasi ya klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria nchini, na mwaka 2006 nayo ikaipisha dawa mseto ya ALu. Wajawazito bado wanaijua, maana ndiyo wanayopewa kliniki kwa ajili ya kinga.

Jaribio la awali lilifanyika Ifakara na matokeo yake yakachapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2001. Watoto waliopewa SP kwa mtindo huo waliugua malaria pungufu kwa asilimia 59 katika mwaka wao wa kwanza wa maisha. Hiyo ni namba kubwa. Lakini jaribio linasimamiwa na watafiti, na wagonjwa wanafuatiliwa kwa karibu. Swali lililofuata lilikuwa gumu zaidi: ukiiachia kazi hii zahanati za kawaida, na manesi wa kawaida wenye foleni ya kawaida, itafanya kazi? Hapo ndipo ikaja zamu ya kusini. Wilaya zilikuwa tano: Lindi Vijijini, Nachingwea, Ruangwa, Newala na Tandahimba. Zilikuwa na tarafa 24. Nusu zikachaguliwa kwa bahati nasibu zianze kutoa dawa, nusu zikabaki za kulinganisha. Kazi ilianza Januari 2005. Mtama, ambayo leo ina halmashauri yenye jina lake, wakati huo ilikuwa ndani ya Lindi Vijijini.

Sasa hii kazi, kwa lugha ya leo, tungeiita sehemu ya tathmini ya teknolojia za afya. Usishtushwe na neno teknolojia ukadhani ni mashine tu. Kidonge ni teknolojia, chanjo ni teknolojia, chandarua ni teknolojia, hata utaratibu wa kutoa kidonge siku ya chanjo nao ni teknolojia. Tathmini inauliza: kinafanya kazi? Ni salama? Kinagharimu kiasi gani? Nani atanufaika na nani ataachwa? Na je, fedha hiyohiyo isingenunua kitu bora zaidi? Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio juu ya jambo hili Mei 2014, na Tanzania ina kamati ya kitaifa ya kazi hiyo chini ya Wizara ya Afya. Kila mwongozo utakaousoma unasema wadau washirikishwe.

Mdau, kama mnavyojua, ni mwenye dau. Kwa watu wa Kilwa na Lindi dau ni chombo cha baharini, lakini hapa tunaongelea dau lile linalowekwa mezani. Mwenye kitu cha kupoteza. Kwenye mradi huu mwenye dau kubwa kuliko wote alikuwa mama aliyebeba mtoto wa miezi miwili. Alisikilizwaje?

Makala ya kwanza, ambayo Robert Pool ndiye mwandishi wake wa kwanza, iko kwenye Malaria Journal. Inauliza kama utaratibu huu wa SP kwa wachanga unakubalika kwa jamii. Jibu: kwa ujumla, ndiyo. Ukisoma hapo tu ukafunga ukurasa, unaweza kuandika kwenye ripoti yako "jamii ilishirikishwa na ikaafiki", ukapigiwa makofi. Na naogopa ndivyo makala za aina hii zinavyosomwa na watu wenye haraka.

Endelea kusoma sasa. Kwa nini ilikubalika? Waandishi wanasema wazi, tena kwenye muhtasari kabisa, wala hawakuificha ukurasa wa kumi. Ilikubalika kwa sababu chanjo zilishakuwa mazoea, na kwa sababu wazo la kumkinga mtoto mapema lilifanana na desturi walizokuwa nazo watu. Sawa. Halafu inakuja sentensi ambayo mimi niliipigia mstari: wanawake wengi walidhani chanjo ni lazima, na kwamba usipofuata, wahudumu wa afya wanaweza wasikusaidie siku nyingine ukiwa na shida.

Hebu tulia hapo kidogo. Mama anakubali mwanawe apewe dawa kwa sababu, pamoja na mengine, anahofia kwamba akikataa leo, siku mtoto akishikwa na degedege usiku, nesi yuleyule atamkumbuka. Hiyo ni hesabu ya mtu mwenye akili sana. Ukiishi mahali penye zahanati moja na wahudumu wawili, nawe ungepiga hesabu hiyohiyo. Lakini ukiichukua hesabu hiyo ukaiandika kama ridhaa ya jamii juu ya dawa ya SP, umebadilisha maana yake. Mama alikuwa anajibu swali la uhusiano wake na zahanati. Juu ya kidonge alikuwa hajasema kitu.

Sisemi watafiti walidanganya. Kinyume chake, hii ni makala ya kweli, na wangekuwa watu wa kupamba matokeo ile sentensi isingefika kwenye muhtasari. Ninacholalamikia ni neno lenyewe, "kukubalika". Ni kipimo kinachohesabu nani amefungua mdomo wa mtoto na nani amekataa. Kinafaa sana kama unataka kujua dozi ngapi zitatumika. Ukitaka kujua watu wanathamini nini, kipimo hicho ni kama kupima joto kwa mizani.

Nilipokuwa Mtama nilimtembelea mama mmoja ambaye kitinda mimba wake alizaliwa miaka ile. Baada ya shikamoo na marahaba na kuulizana habari za nyumbani, nikamuuliza kama anakumbuka watoto kupewa vidonge siku ya chanjo. Hakuweza kuniambia. Kadi ya mtoto ilishaliwa na mchwa zamani, na kwa kuwa nusu ya tarafa hazikupewa dawa, huenda hata hakuhusika. Alichokikumbuka ni benchi, mizani ya kuning'inia, na watu aliokaa nao pale. Wale watafiti nao walikuta hivyohivyo: kupima uzito na kukutana na wenzao zilikuwa sababu kubwa za akina mama kwenda kliniki. Na kukuza afya ya mtoto kwa ujumla kulionekana muhimu kuliko kuzuia ugonjwa fulani mmoja mmoja.

Hili ni jambo zito kwa tathmini, na linapita kama upepo. Watunga sera wanapanga magonjwa kwenye mafaili: malaria faili lake, surua faili lake, utapiamlo faili lake, kila moja na bajeti yake na mfadhili wake. Mama wa Lindi anaona mtoto mmoja. Ungemuuliza yeye nini kiongezwe siku ya kliniki, huenda asingetaja dawa ya malaria kabisa. Huenda angetaja. Hatujui, kwa sababu swali lilishafungwa kabla ya kufika kwake: dawa ipo, je utaikubali?

Makala ya pili, iliyoongozwa na Adiel Mushi, nayo iko Malaria Journal mwaka huohuo. Inaeleza namna walivyotengeneza mkakati wa mawasiliano: jina la kuitambulisha huduma, mabango mawili, na maneno ambayo nesi atamwambia mama. Kabla ya kutengeneza walikwenda vijijini kusikiliza watu wanaijuaje malaria. Na hapa kuna kito kingine. Walikuta malaria ya watoto wadogo inachukuliwa kama kero, kwa sababu inakosesha watu usingizi.

Ukisoma haraka unaweza kucheka. Sisi tunahangaika na vifo na upungufu wa damu, wao wanalalamikia usingizi! Lakini yeyote aliyekesha na mtoto mwenye homa, kesho yake akaamka kwenda kupalilia shamba la ufuta au kuokota korosho, anajua kwamba usingizi si kitu kidogo. Usiku mmoja wa kukesha ni kazi ya siku iliyolala, ni watoto wengine ambao hawakupikiwa, ni baba amehamishia hasira zake kwa mama. Hiyo ni gharama ya ugonjwa. Na mama ndiye aliyeitaja, bila kufundishwa uchumi wa afya na mtu yeyote.

Sasa angalia ilikokwenda taarifa hiyo. Ilikwenda kwenye bango. Ilitumika kutafuta maneno yatakayomfanya mama aelewe na akubali. Haikwenda kwenye orodha ya vitu vya kupimwa. Mradi ulipima vimelea kwenye damu na upungufu wa damu, vitu vya maana kabisa, sina ugomvi navyo. Lakini kuchagua nini kipimwe ni kuchagua nini kina thamani, na uchaguzi huo haufanywi na maabara. Kama "usiku wa kukesha" ungekuwa kwenye dodoso, tungejua leo kama SP iliwapunguzia kero waliyoitaja wenyewe. Ushirikishwaji unaoanza baada ya vipimo kuchaguliwa umechelewa, hata kama mahojiano yatakuwa mazuri kiasi gani.

Jambo jingine kwenye makala hiyohiyo ni uvumi. SP ilitumika sana, wanasema, pamoja na uvumi ulioenea kwamba ina madhara, uvumi uliotokana na masimulizi na habari za magazeti. Wakawauliza watoa huduma: wewe mwenyewe au mwenzi wako mngekubali kumeza SP wakati wa ujauzito? Watu 232 kati ya 242 wakasema ndiyo, asilimia 96. Kipimo kizuri cha imani ya wahudumu.

Ila lile neno, uvumi, linanikera kidogo. SP ni dawa ya salfa, na dawa za salfa kweli zinaweza, kwa nadra sana, kumbabua mtu ngozi vibaya hata kumuua. Masimulizi ya mtaani yalikuza jambo, lakini hayakulizua hewani. Na kuna tofauti ambayo mama anaihisi hata kama hajui takwimu: hatari ndogo ya dawa unaibeba kirahisi mtoto akiwa anaungua homa mikononi mwako. Mtoto akiwa mzima, anacheka, hatari hiyohiyo inaonekana kubwa. Ni kiasi gani cha hatari kinavumilika kwa mtoto asiyeumwa? Mtaalamu anaweza kukupa namba ya mara ngapi linatokea. Kama namba hiyo inavumilika ni swali la wenye watoto, na hapa wao waliwekwa kwenye safu ya watu wa kuondolewa wasiwasi.

Makala ya tatu inahusu fedha, na mwandishi wake wa kwanza ni Fatuma Manzi, kwenye jarida la BMC Health Services Research. Naipenda kwa sababu inataja kila kitu kwa dola. Kuanzisha mpango kwa ngazi ya taifa kuligharimu dola 36,363, na sehemu kubwa ilikwenda kwenye vifaa vya mawasiliano, mikutano ya wadau na mashauriano mengine. Kila wilaya ilihitaji dola 7,885 za kuanzia, hasa kwa mafunzo. Baada ya hapo, gharama ya kuendesha kwa mwaka kwa wilaya moja ilikuwa dola 170, hasa za kuchapa vifaa vya mawasiliano. Kwenye zahanati hakukuhitajika fedha ya ziada, kwa kuwa dawa zilisafirishwa pamoja na chanjo na wahudumu walifanya kazi ndani ya muda wao. Gharama ya kiuchumi kwa dozi moja: senti 23 za Marekani.

Ni bei ya kutupwa. Yeyote anayeamua kwa niaba ya taifa anaipenda namba kama hiyo. Lakini zisome makala hizi mbili kwa pamoja, ya gharama na ya Pool. Fedha ya taifa ilikwenda kwenye mabango na mikutano. Pool na wenzake wanakuta kwamba akina mama hawakupata habari kupitia mabango. Walizipata kwa wahudumu na kwenye kadi ya kliniki. Wanakuta pia kwamba wanawake hawakuwa na kawaida ya kujadili afya ya watoto nje ya kliniki, kwa hiyo habari ilisambaa polepole sana. Kwa maneno mengine, mahali ambapo mazungumzo yalikuwa yanafanyika kweli, kati ya nesi na mama, bajeti inasema hakukuhitajika senti ya ziada.

Na kuna kinachowahusu moja kwa moja wapenda mikutano. Ukimwita mwakilishi wa jamii kwenye ukumbi wa hoteli mjini, ukampa chai, posho na nauli, unategemea atarudi kijijini na kueleza, kisha atakuletea maoni ya wenzake. Kama jambo lenyewe halijadiliwi nje ya kliniki, huyo mwakilishi anamwakilisha nani? Anarudi na begi la semina. Sijaona miongozo inayozungumzia jambo hili, na ushahidi wake ulishachapishwa, umetoka Lindi, na kusoma ni bure.

Tena walisema kitu kimoja mahususi sana: namna vidonge vilivyotolewa haikuwapendeza akina mama. Hakukuwa na dawa ya maji. Dozi ya mchanga ni kipande cha kidonge, nusu au robo, inabidi kivunjwe, kilainishwe, mtoto anyweshwe huku analia, mara nyingine akitoka tu kuchomwa sindano. Hapo mdau alitoa maoni ya kiufundi juu ya teknolojia yenyewe, ambayo kiwanda kingeweza kuyafanyia kazi. Kati ya yote yaliyosemwa, hili lingekuwa la kwanza kwenye meza ya kamati yoyote ya tathmini.

Mwisho wa hadithi mnaujua, au mnaweza kuukisia. Vimelea vya malaria Afrika Mashariki vilikuwa vinazidi kuwa sugu kwa SP. Jaribio la Korogwe, lililochapishwa Lancet 2009, halikuona SP ikiwakinga wachanga. Kusini, matokeo ya jumla yaliyotoka 2010 hayakuwa na nguvu iliyotarajiwa; tofauti ilionekana zaidi kwa watoto waliokuwa wamepata dozi karibuni. Machi 2010 Shirika la Afya Duniani likapendekeza utaratibu huu pale tu ambapo mabadiliko fulani ya jeni za kimelea, yanayoashiria usugu, hayazidi asilimia 50. Kwetu yalishazidi. Tanzania haikuuingiza kwenye sera.

Uamuzi ulikuwa sahihi, kwa maoni yangu. Na hapa mtu atanibana: umeona sasa? Jambo liliamuliwa na jeni ya kimelea. Mama wa Mtama angesaidia nini? Angejuaje mambo ya usugu?

Hoja hii ina uzito na nimeisikia darasani kutoka kwa watu ninaowaheshimu. Jibu langu ni kwamba tathmini ina maswali ya aina mbili na tumezoea kuyachanganya. Kama kimelea kimekuwa sugu, hilo ni la maabara, hakuna haja ya kupiga kura. Lakini kizingiti kwamba iwe asilimia 50 na siyo 30 au 70, kwamba kinga ya kiwango gani inatosha kumpa dawa mtoto mzima, kwamba fedha iende kwenye hii au kwenye kuongeza siku za kliniki ya mkoba, haya hayamo kwenye darubini. Mtu ameyaamua. Akishayaamua anayavalisha koti jeupe, sisi wengine tunadhani ni sayansi tupu.

Kwa nini nayarudia haya leo? Kwa sababu Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na bima yoyote lazima iwe na kitita cha mafao, yaani orodha ya vinavyolipiwa na visivyolipiwa. Orodha hiyo itakuwa na dau kubwa kuliko SP ya 2005. Tumeshaonja. Machi 2023 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulisitisha Toto Afya Kadi, ile iliyokuwa inalipiwa shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka. Machi 2024 ukaleta kitita kipya, na wamiliki wa hospitali binafsi wakatangaza kusitisha huduma kwa wanachama wa mfuko. Serikali ikazungumza nao. Ilibidi izungumze nao, kwani wana milango ya kufunga. Mzazi wa Toto Afya Kadi alikuwa na mlango gani wa kufunga? Alikwenda kuandika mtandaoni.

Hivyo ndivyo wadau wanavyopangika wenyewe usipokuwa na utaratibu: mwenye uwezo wa kukukwamisha anasikilizwa kwanza. Kamati ya tathmini ndiyo inayotakiwa kuvunja upangaji huo, na haiwezi kama nayo inasubiri wanaobisha hodi.

Wenzetu wamejaribu. Thailand walianzisha taasisi yao ya tathmini, HITAP, mwaka 2007, na baadaye wakaweka utaratibu wa makundi saba kupendekeza nini kifanyiwe tathmini kwa ajili ya kitita cha taifa. Humo wamo wataalamu na viwanda, lakini pia vikundi vya wagonjwa na wananchi wa kawaida. Tazama wamemweka mwananchi mwanzoni, kwenye kuchagua swali. Uingereza, taasisi yao ya NICE iliunda baraza la wananchi 30 mwaka 2002, watu wasio wataalamu, ili wajadili maswali ya thamani: umri uhesabiwe? Ugonjwa wa nadra ulipiwe kwa bei yoyote? Hawakuulizwa dawa inafanya kazi au la. Siamini tunaweza kunakili hivi vitu vizimavizima. Watu 30 wa nchi nzima kwetu wangetoka Dar es Salaam, Dodoma na Arusha, wote wanajua kutuma barua pepe.

Lakini tuna kitu ambacho hatukitumii. Kila zahanati na kituo cha afya cha umma kinatakiwa kuwa na kamati yake yenye wananchi ndani, na tangu fedha zianze kupelekwa moja kwa moja vituoni kamati hizi zina sauti kwenye matumizi. Kazi yao kwa sasa ni kama choo kimejaa, mlinzi kalipwa, dawa zimepokelewa. Hakuna anayewapelekea swali la kitaifa. Kabla kamati ya tathmini haijaanza kupima teknolojia mpya ya watoto, ingeweza kuchagua vituo ishirini kwa bahati nasibu, kama zile tarafa 24, ikapeleka maswali mawili matatu kwa Kiswahili kinachoeleweka, na kumwachia mtu asiyevaa sare ya zahanati ile akae kwenye benchi siku ya kliniki na kusikiliza. Asiwe nesi wa hapo, kwa sababu tuliyoiona. Majibu yaandikwe kwenye faili moja na bei na takwimu, na uamuzi ukitoka, kituo kirudishiwe barua: mlisema hivi, tumeamua hivi, kwa sababu hii. Hiyo barua ya kurudi naona ndiyo itakuwa ngumu kuliko yote. Hata hizi makala tatu nilizozisifu ziliandikwa kwa Kiingereza.

Wazo lenyewe la kuwapa wachanga dawa ya kinga halijafa. Juni 2022 Shirika la Afya Duniani lilirekebisha mapendekezo yake, likaupa utaratibu jina jipya na kulegeza masharti ya umri na idadi ya dozi, ili kila nchi ipange kwa mazingira yake. Kwa hiyo inawezekana kabisa siku moja gari likashuka tena Mtama na kidonge kilekile au ndugu yake. Wakija, natamani swali la kwanza kwenye dodoso lisiwe "je, utakubali mtoto wako apewe?" Liwe: mwanao akiumwa malaria, nini kinakuumiza zaidi, na fedha hizi zikija, ungetaka zinunue nini?